Mwalimu Anapovuka Busia

Busia ni miji miwili yenye jina moja. Mmoja uko Kenya, nao ni makao makuu ya kaunti. Mwingine uko Uganda, makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Ukisimama barabarani huwezi kujua Kenya inaishia wapi na Uganda inaanzia wapi mpaka uone lango na sare za askari. Wasamia wako huku na huku, Wateso vilevile. Wapo wanaolala Kenya na kuzika Uganda. Tena hadi mwaka 1902 ardhi hii yote, mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda, kabla Waingereza hawajauhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuufanya sehemu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka uliwakuta watu wakiwa nyumbani kwao.

Fika pale saa kumi na mbili unusu asubuhi. Malori yamepanga foleni usiku kucha na makuli wanaamshana. Wanawake wanavuka na trei za mayai kutoka Uganda, wengine na beseni za dagaa. Wafanyabiashara wenye ulemavu wanasukumwa kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni mafuta ya kupikia na sabuni. Wabadilishaji pesa wameshika mabunda ya noti za nchi mbili na wanakuita kabla hujashuka kwenye bodaboda. Katikati ya msongamano huo wapo watu ambao mgeni hawatambui upesi: shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi, begani mfuko wenye madaftari ya kusahihisha. Hao ni walimu. Wanaotoka Uganda wanaelekea mashariki kufundisha Kiingereza na hesabu kwenye shule za binafsi za Busia ya Kenya. Wanaotoka Kenya wanaelekea magharibi kufundisha Kiswahili. Nilikuwa mmoja wa hawa wa pili.

Mimi ni mtoto wa Kaunti ya Busia, na shahada yangu ni ya ualimu wa Kiswahili na Kiingereza. Nimesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, lakini kusajiliwa ni jambo moja na kuajiriwa ni jambo jingine kabisa. Kenya ina walimu wengi mno waliosajiliwa na wasio na kazi ya serikali. Wenzangu waliochukua nafasi za mafunzo kazini kwenye shule za upili walilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na humo humo watoe kodi ya nyumba na nauli. Uganda nako walikuwa wanatafuta watu kama sisi. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya nchi hiyo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ukakiweka katika masomo ya lazima kwa miaka miwili ya kwanza, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe na kutahiniwa kwa lazima. Shule zikageuka huku na kule kutafuta mwalimu, na Kenya iko hatua chache tu kutoka Tororo.

Simu ya kwanza niliyopigiwa kutoka Tororo ilikuwa ya mkurugenzi wa shule moja ya binafsi. Alikuwa mchangamfu, akaniuliza naweza kuanza lini. Nikamuuliza kuhusu kibali cha kazi. Akacheka kwa upole na kuniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa Afrika Mashariki. Utagongewa mhuri wa miezi sita pale mpakani. Ikiisha unavuka mpaka pale Malaba, unakunywa chai, unarudi na mingine sita."

Maneno hayo yameenea mpakani kote, na yamewaumiza walimu wengi. Ni kweli Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia na kukaa hadi miezi sita bila viza. Ni kweli pia kwamba tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Lakini miezi hiyo sita ni ya mgeni: wa kutembea, wa kuamkia ndugu, wa kununua bidhaa. Anayefanya kazi ana kanuni zake ndani ya itifaki hiyo hiyo, na kanuni hizo zinasema hivi: ukishafunga mkataba wa zaidi ya siku 90, una siku 15 za kazi za kuomba kibali. Mamlaka nayo ina siku 30 za kukitoa, na ikikunyima lazima ikuandikie sababu. Kibali cha kwanza huweza kufika miaka miwili, na kinaongezwa muda. Mkataba wa siku zisizozidi 90 una pasi yake maalumu.

Halafu lipo jambo ambalo walimu wengi niliozungumza nao hawakuwa wamelisikia. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuwaondolea raia wao ada ya kibali cha kazi. Mwingereza au Mmarekani anayekuja kufundisha Kampala hulipa dola nyingi kwa karatasi hiyo. Mimi wa kutoka Busia silipi ada. Yule mkurugenzi hakuwa ananiokolea hela ninazotakiwa kulipa. Alichokuwa anakiepuka ni mkataba, maana kibali hakiombwi bila mkataba, na mkataba ukishaandikwa mshahara unajulikana, kodi inajulikana, na akiba ya uzeeni ya mwajiriwa inadaiwa. Nikamshukuru, nikakata simu.

Shule ya pili, nayo ya Tororo, ilikubali kuandika. Ndiyo iliyonivusha.

Kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji cha Busia kilizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari 2018. Utaratibu wake ni mzuri na ninausifu kwa moyo wangu wote: anayetoka Kenya hasimami tena Kenya. Anakwenda moja kwa moja upande wa Uganda, na humo ndani ya jengo moja afisa wa Kenya anamtoa na afisa wa Uganda anamwingiza. Anayekumbuka enzi za kupanga foleni mara mbili juani anajua nafuu hii ilivyo.

Nilipofika dirishani afisa wa Uganda, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliifungua pasipoti yangu na kuniangalia.

"Karibu, ssebo. Unakwenda wapi?"

"Tororo, mama. Naenda kusaini mkataba wa kufundisha."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mhuri. Ukasimama. "Kufundisha nini?"

"Kiswahili."

Akatabasamu. "Watoto wangu wanakihangaikia hicho." Kisha akageuza pasipoti, akagonga mhuri, na kwa kalamu yake akanionyesha tarehe. "Huu ni wa mgeni. Leo unasaini, si ndiyo? Basi hesabu kuanzia leo. Usisubiri miezi sita iishe ndipo uanze kutafuta watu." Akanirudishia pasipoti na kumwita aliye nyuma yangu. Dakika moja tu, na katika dakika hiyo alinieleza sheria vizuri kuliko nilivyoelezwa na yeyote kwenye shule zile.

Kutoka Busia kwenda Tororo unapanda taksi, ambayo kwetu Kenya ni matatu. Inajaa, inajaa tena, halafu ndipo dereva anawasha gari. Njia inapita karibu na Tiira, wanakochimba dhahabu, ukaona vijana wamepakaa udongo mwekundu mpaka kwenye kope. Mashamba ya mihogo, mtama na mahindi yanafuatana, halafu mbele yako unauona mwamba. Mwamba wa Tororo ni kiini cha volkano ya kale kilichobaki baada ya milima kumomonyoka, na umesimama peke yake katikati ya mji, kilele chake kikiwa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mji wenyewe umelala chini yake: maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza, reli inayotoka Malaba, na viwanda vya saruji vilivyoufanya ujulikane Uganda nzima. Nilijua ningeupenda mji huu tangu nilipokula rolex yangu ya kwanza stendi, chapati na mayai mawili na nyanya zilizokatwa nyembamba, huku muuzaji akinisemesha kwa Kiswahili cha madereva wa malori kilichonyooka kabisa.

Mkataba ulisainiwa ofisini kwa mwalimu mkuu mbele ya mhasibu wa shule. Mhasibu ndiye aliyeketi na orodha. Barua ya ajira, ipo. Cheti cha usajili wa shule, kipo. Namba ya shule ya mlipakodi na uthibitisho wa kodi, vipo. Picha zangu, nakala ya pasipoti, cheti cha tabia njema nilichokichukulia alama za vidole nyumbani Kenya, vyote vipo. Akaja kwenye vyeti vya masomo. Akavipanga mezani kwa mwaka, kama mtu anayepanga karata, halafu akavihesabu tena.

"Mwalimu, cheti chako cha kidato cha sita kiko wapi?"

Sina. Hakuna Mkenya wa rika langu aliye nacho. Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 ilikiondoa kidato cha tano na cha sita, na katika mfumo huo mwanafunzi hutoka kidato cha nne akaenda chuo kikuu kwa miaka minne. Uganda imebaki na mfumo wa 7-4-2-3: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari ya chini, miwili ya juu, mitatu ya shahada. Ukijumlisha, wote wawili tumesoma miaka kumi na sita. Ila ukiviweka vyeti vyetu mezani, changu kina pengo la miaka miwili ambayo haikupotea popote. Kwa hiyo cheti cha sekondari cha Mkenya kinapelekwa kulinganishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, na shahada inapelekwa kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kule Kyambogo, Kampala, halafu Wizara ya Elimu imtambue mtu huyo kuwa mwalimu. Kibali cha kazi kinafuata nyuma ya hayo yote. Hapa sasa pana ada, pana nauli ya Kampala, pana kulala Kampala.

Mganda anayekwenda Kenya naye anakutana na ukuta ule ule kwa upande wa pili. Vyeti vyake vilinganishwe, TSC imsajili, maana sheria ya Kenya hairuhusu mtu asiyesajiliwa na tume hiyo kufundisha shule yoyote, iwe ya serikali au ya binafsi. Ndipo mwajiri amwombee kibali cha daraja D. Akikamatwa akifanya kazi bila kibali, sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inataja faini hadi Sh500,000, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Haikuwa hivi siku zote. Wazee wetu walifanya mtihani mmoja. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na baraza moja la mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka 1977, na Kenya ikaunda baraza lake la mitihani mwaka 1980. Kabla ya hapo, cheti cha Tororo na cha Kakamega viliandikwa kwa mkono mmoja. Ndiyo sababu walimu wa Uganda waliokimbia utawala wa Idi Amin waliweza kuingia Kenya na kushika chaki karibu mara moja. Mjomba wangu alifundishwa fizikia na mmoja wao, na mpaka leo akimtaja husema kwanza "mwalimu wangu" kabla hajasema alikuwa Mganda. Baadaye nchi hizi zikafika mahali pa kurushiana risasi hapa hapa Busia, Desemba 1987, na mpaka ukafungwa. Lakini hata uhasama huo ulipokwisha, vyeti havikurudiana.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu dawa inajulikana. Kifungu cha 11 cha Itifaki ile ya Soko la Pamoja kinazitaka nchi zitambuliane sifa za masomo na taaluma. Wahasibu walisaini makubaliano yao, wasanifu majengo wakasaini, wahandisi wakasaini, madaktari wa mifugo wakasaini. Mhandisi wa Nairobi aliyesajiliwa kwao anatambulika Kampala kwa njia iliyonyooka. Mwalimu aliyemfundisha mhandisi huyo kusoma na kuandika hana makubaliano ya namna hiyo. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, jambo jema, lakini linamfaa zaidi mwanafunzi anayehama chuo kuliko mwalimu wa kidato cha kwanza anayevuka na kalamu nyekundu.

Anayelipia pengo hili nilimjua kwa sura. Ni dada mmoja wa Busia ya Uganda, mwalimu wa Kiingereza, ambaye nilikuwa nikipishana naye langoni yeye akienda Kenya mimi nikitoka. Tukazoeana mpaka tukawa tunasimama kidogo kusalimiana. Alikuwa anafundisha shule moja ya binafsi upande wa Kenya, bila mkataba na bila kibali. Wazazi walimpenda kwa matamshi yake na kwa jinsi watoto wao walivyokuwa wakiandika insha. Muhula ulipoisha shule ikamlipa nusu na kumwambia angoje karo zilipwe. Muhula uliofuata ikamwambia vivyo hivyo. Nikamuuliza kwa nini haendi ofisi ya kazi kushtaki.

"Nikaseme nini, mwalimu? Nikiingia mlango ule swali la kwanza ni kibali changu. Nitakuwa nimekwenda kujishtaki mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini shule nyingi za mpakani hazina haraka na karatasi. Mwalimu asiye na kibali hadai nyongeza, hadai likizo ya uzazi, hadai hata mshahara wake. Watu husema serikali ndizo zinazomzuia mwalimu kuvuka. Mimi nimeona kwamba serikali, pamoja na ucheleweshaji wake wote, zimeandika haki za mwalimu huyo vizuri, na wanaofaidika na ujinga wetu wa haki hizo ni wenye shule. Hili nalisema nikijua wapo wakurugenzi waungwana. Wangu alikuwa mmoja wao: alilipia ulinganisho wa vyeti, akalipia na nauli yangu ya Kampala, na kila nilipochelewa kupata jibu alipiga simu yeye mwenyewe.

Kibali kilipotoka nilikuwa nimeshawazoea wanafunzi wangu kwenye vipindi vya majaribio chini ya pasi maalumu. Darasa la S1, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, dawati moja watoto watatu, dirisha linatazama mwamba. Nyumbani wanasema Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia, Kiganda, na mtoto mmoja aliyekulia Malaba anasema vyote pamoja na Kiswahili cha forodhani. Huyu alinipa kazi kuliko wote. Aliongea kama maji yanavyotiririka, ila ngeli zilikuwa zimemtoroka. Mwenzake, msichana wa kijijini aliyeanza bila neno hata moja, aliandika kila upatanisho kwenye kijitabu kidogo alichokishona mwenyewe kwa uzi mweusi, na kufikia mwisho wa muhula yeye ndiye aliyekuwa akimsahihisha mtoto wa Malaba.

Siku ya wazazi mzee mmoja alinijia na fimbo yake. Aliniambia mara ya kwanza kusikia Kiswahili ilikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kwa askari, wakati wa Amin, na kwamba aliposikia mjukuu wake akikariri shairi la Kiswahili sebuleni alitaka kumnyamazisha. Ni Amin aliyetangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi wa rika la mzee huyu lugha hii bado ina sauti ya buti. Sikumbishia. Nilimwita mjukuu wake, nikamwomba amsalimie babu kwa Kiswahili, kwa heshima zote. Mtoto akapiga goti kama wafanyavyo kwao na kusema, "Shikamoo, babu." Mzee akauliza ajibu nini, tukamfundisha, akajibu. Kazi ya namna hii haifanywi na mwalimu anayejificha kila gari la uhamiaji linapopita.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. Kwa mawaziri wa elimu wa Jumuiya: waandikieni walimu makubaliano ya kutambuliana kama mlivyowaandikia wahandisi, ili usajili wa TSC usomeke Kampala na usajili wa Kampala usomeke Nairobi bila mtu kutafuta cheti cha kidato ambacho nchi yake haikuwa nacho. Na kwako mwalimu mwenzangu utakayevuka Busia au Malaba Jumatatu ijayo: usiingie darasani kabla ya kuandikiwa mkataba, weka nakala yake nyumbani, na ukishaweka saini hesabu siku kumi na tano za kazi. Ombi lipelekwe ndani ya siku hizo. Ada ya kibali hulipi.